Nguzo za banda: kuzichimbia ardhini au kuzisimamisha juu ya zege?

Kwenye mabanda ya nguzo za mbao kuna ubishi usiokwisha: nguzo ichimbiwe ardhini, au isimame juu ya kitako cha zege na kushikwa kwa chuma na bolti?

Wanaokataa kuchimbia wana hoja nzito. Nguzo huoza zaidi pale inapoingia ardhini, karibu na uso wa udongo, kwa sababu hapo unyevu na hewa vinakutana. Ukiing'oa nguzo ya zamani unaweza kukuta sehemu ya chini ingali ngumu ilhali shingoni imebaki unga. Nguzo iliyoinuliwa juu ya zege huepuka balaa hilo, na ikiharibika hubadilishwa bila kuchimbua.

Hoja hiyo naikubali, ila ina gharama isiyosemwa vya kutosha. Nguzo iliyozama mita moja na ushee imebanwa na udongo pande zote, hivyo upepo ukiisukuma ubavuni ardhi huizuia isilale. Vile vyuma vya juu ya zege, vingi vyake, huzuia nguzo isihame wala isinyanyuke, lakini haviizuii kuinama. Anayeitoa nguzo ardhini anazibebesha mbao za mshazari na kuta kazi yote ya kukabili msukumo wa ubavuni. Asipoziweka, fremu ya pembe nne itapinda na kulala upande mmoja. Ubao wa mshazari huigawa fremu hiyo kuwa pembetatu, na pembetatu haifanyi hivyo mpaka ubao uvunjike au kiungo kiachie.

Na upepo hausukumi tu, unanyanyua pia. Kasi yake ikiongezeka maradufu, mgandamizo huwa mara nne. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una mgandamizo wa kilo 56 hivi kwa kila mita ya mraba. Nguzo inayobeba paa la mita 3 kwa 3 inaweza basi kuvutwa juu kwa nguvu inayokaribia kilo 500, na banda lililo wazi upande mmoja huzidishiwa, kwa kuwa upepo ulioingia ndani husukuma mabati kutokea chini. Zege la shimo la mviringo lenye upana wa sentimeta 40 na kina cha mita 1.2 lina uzito wa kilo 360 hivi. Uzito wa paa na msuguano wa udongo husaidia, lakini zege lisiposhikana na nguzo, nguzo itachomoka na kuliacha shimoni. Ndiyo maana vipande vya mbao hufungwa kwa bolti kwenye kitako cha nguzo kabla ya kumwaga zege.

Kwa banda la kawaida lililo wazi, mimi nachagua kuchimbia: nguzo zilizotiwa dawa, kitako kipana cha zege chini yake, na udongo wa juu uliopewa mteremko ili maji yasituame. Mahali penye maji yanayosimama, au banda lenye kuta imara pande zote, zege linashinda. Penye baridi ya kugandisha ardhi, msingi wowote ushuke chini ya kina cha barafu.

Mishazari nayo iwekwe kwa urefu na kwa upana wa banda, na viungo vyake vikubwa vifungwe kwa bolti badala ya misumari mitupu. Ile ya muda isiondolewe mpaka ya kudumu ifungwe na mabati yapigiliwe, maana fremu tupu ya nguzo na kenchi ndiyo rahisi zaidi kuangushwa.