Imani ya peke yako au ya ushirika: nguvu inatoka wapi hasa?

Kuna mjadala ambao hauishi kati ya Wakristo na siku hizi umezidi kuwa mkali kwa sababu mahubiri yapo kwenye simu muda wote. Upande mmoja wanasema mimi na Mungu wangu tunatosha, nasoma Biblia, naomba, ibada naangalia laivu, kanisani nifuate nini zaidi ya maneno ya watu. Upande wa pili wanajibu na Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika pamoja, basi wanaona yameisha. Mi naona hayajaisha kabisa.

Tuanze na hawa wa peke yao maana wanasemwa vibaya kuliko wanavyostahili. Yesu mwenyewe aliamka alfajiri giza bado lipo akaenda mahali pasipo watu kuomba, na huko nyuma watu walikuwa wanamtafuta, iko Marko 1. Daudi kule Siklagi mji umechomwa, wake na watoto wametekwa, na watu wake mwenyewe wanasema tumpige mawe, hapo imeandikwa akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Yaani siku hiyo ushirika ndio ulikuwa unataka kumuua! Kwa hiyo mtu akikwambia nguvu aliipata amejifungia chumbani, usimkatalie.

Halafu wengi walioondoka hawakuondoka kwa uvivu jamani. Mama kapoteza mtoto, machozi hayajakauka, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Mwingine kamweleza mwenzake shida ya ndoa yake ili amwombee, Jumapili inayofuata anaingia anakuta macho yote ya huruma yako kwake, mtu mwingine kabisa anamshika mkono anamwambia tunakuombea, na yeye huyo hakumwambia kitu. Ombi limeshageuka umbea. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno na hiyo ilikuwa huduma kubwa, mambo yaliharibika walipofungua midomo kumtafutia dhambi, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao. Na hao wanaopenda kumsomea mtu ule mstari wa 25 wa Waebrania 10 wangeanza na wa 24, tuangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, huo unawahusu waliobaki ndani kabla haujamhusu aliyetoka.

Sasa pamoja na yote hayo mimi bado naegemea upande wa ushirika na sababu kubwa ni nabii Eliya. Huyu ni mtu aliyeomba moto ukashuka mlimani Karmeli, haukupita muda yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mungu hakumgombeza, malaika alimletea mkate na maji, akala akalala, akala tena. Ila angalia anachosema kule mlima Horebu, mara mbili anarudia nimesalia mimi peke yangu, na anaamini kabisa. Mungu anamwambia kuna 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, halafu anamtuma kwa Elisha, maana yake alipewa habari ya kweli na akapewa mtu. Upweke ndivyo unavyofanya, unakukosesha hesabu na hakuna wa kukwambia hapo umekosea, unawaza jambo moja usiku kucha na kufikia asubuhi limeshakuwa ukweli.

Wakristo wa karne ya 4 nao walilizungumza hili. Antoni wa Misri aliishi jangwani peke yake miaka mingi na watu walimfuata huko huko kutafuta ushauri, heshima yake ilikuwa kubwa. Lakini askofu Basili wa Kaisaria akauliza swali gumu, ukiishi peke yako utamwosha nani miguu? Swali linauma kwa sababu ni rahisi sana kujiona mpole na mvumilivu wakati hakuna wa kukuudhi.

Hata watafiti wa afya wameliona kwa upande wao. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliofuatilia manesi wanawake zaidi ya 74,000 huko Marekani, ukaona waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki hatari yao ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa, na sehemu ya tofauti hiyo ilielezwa na kuwa na watu wa kuwashika mkono. Namba hizo hazithibitishi imani na wala haikuwa kazi yake, na pia mtu mgonjwa sana hawezi kwenda ibadani hata akitaka ingawa watafiti walijitahidi kulihesabia hilo, ila zinafikirisha.

Kitu ninachokikataa ni kudhani ushirika ni wingi wa watu. Mtu anaandika kwenye grupu la WhatsApp usiku, wapendwa niombeeni nimezidiwa, zinashuka Amina na viganja vya maombi mpaka unachoka kuskroli, na hakuna hata mmoja anayepiga simu. Huyo bado yuko peke yake. Musa alipochoka kuinua mikono yake juu ya kilima kule Refidimu, jeshi zima lilikuwa bondeni linapigana, walioishika mikono yake ni wawili tu, Haruni na Huri, na wakamtafutia jiwe akae kwanza.

Na Paulo ndiye anayenifungia hoja. Kwenye 2 Timotheo 4 anasema wote waliniacha, lakini Bwana alisimama pamoja nami akanitia nguvu, watu wa upande wa kwanza wanaishia hapo. Barua ile ile anamwambia Timotheo jitahidi kuja kwangu upesi, uje na Marko, lete lile joho nililoliacha Troa, njoo kabla ya wakati wa baridi. Ametiwa nguvu na Bwana na bado anataka rafiki na nguo ya baridi, wala haoni aibu kuomba.

Kwa hiyo aliyeumizwa kanisani sitamwambia arudi tu Jumapili ijayo akae kwenye benchi lile lile na watu wale wale. Atafute mmoja au wawili wanaojua kunyamaza, amwambie hata mmoja hali ilivyo bila kuipamba, hapo ushirika umeshaanza. Na kama amelala kitandani hawezi kutoka, Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wao ndio waje, yeye hakuambiwa ajikokote awafuate.