Kiraka wa Ofisi

Kwenye soka kuna mchezaji anayeitwa kiraka. Leo beki wa kulia, kesho kiungo, kipa akiumia na kocha kamaliza wa akiba, yeye ndiye anayevaa glavu. Makocha humpenda kweli, ila timu kubwa zikija kununua, jina lake hulisikii. Mimi ndiye huyo, katika ofisi moja hapa Kisumu, mwaka wa saba sasa.

Tarehe 9 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ya mwezi uliotangulia kwa KRA, mamlaka ya mapato. Mwezi jana, siku hiyo, nilikuwa nimeinamia printa, vidole vyeusi kwa wino, nachomoa kijikaratasi kwa kibano cha nyusi nilichoazima kwa dada wa mapokezi. iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, nayo inajizungusha tu. Mara dereva anapiga: gari limezimika Kondele, na lina mzigo wa mteja. Kufikia jioni yote yalikuwa sawa, na hakuna aliyejua kwamba yangeweza kuharibika. Mhasibu ana vitabu vyake vya kuonyesha, muuzaji ana mauzo yake. Mimi nionyeshe nini?

Mwaka jana aliajiriwa mtu wa takwimu, mshahara kunizidi. Kijana mzuri, sina neno naye. Aliyemfundisha mfumo wa stoo ni mimi.

Hata kwenye mahojiano ya kazi kwingine, nikiulizwa "wewe hasa ni nani?", naanza kusimulia, na kabla sijafika mbali naona kalamu ya anayenihoji imelazwa mezani.

Najua nitaambiwa mshika mbili moja humponyoka, ningechagua fani mapema. Sikubali. Ofisi ya watu tisa haiwezi kumweka fundi, mtu wa kodi na msimamizi wa magari, kila mmoja na meza yake. Kiraka lazima awepo. Ninachokilaumu ni kile kimstari cha mwisho kwenye mikataba yetu: "na majukumu mengine atakayopangiwa." Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka kazi ya mtu ielezwe kwa maandishi. Yangu imeelezwa kwa majukumu matano. Ninayoshinda nikiyafanya yote yamo ndani ya kimstari hicho.

Tangu Januari naandika daftarini kila kazi na saa zake. Wiki iliyopita nikampelekea bosi. Alisoma kimya hadi ukurasa wa pili, akavua miwani.

"Kumbe hata jenereta ni wewe?"