Saa ya tiketi na saa ya abiria

Mama mmoja alifika stendi ya Kange saa sita mchana, mzigo kichwani, akiulizia basi la Dar es Salaam ambalo lilishaondoka asubuhi. Tiketi yake ilisema 06:00. "Si imeandikwa saa sita, mwanangu?" aliniuliza, na hakukosea kusoma. Programu iliyochapa tiketi ile niliiandika mimi.

Tangu siku hiyo, sisi tunaoandika programu hapa Tanga tunabishana: tarehe na saa tuziachie maktaba za programu, yaani programu ndogo zilizokwisha kuandikwa na wengine, au tujiandikie wenyewe? Wanaotaka kujiandikia wana hoja. Tanzania nzima iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kupimia saa nyingine, mwaka mzima, na mshale hatuusogezi. Toa 6, umepata saa ya Kiswahili. Maktaba nazo ni nzito. Moment.js, maktaba ya tarehe na saa kwa kurasa za mtandao, ilitumika karibu kila mahali, lakini mwaka 2020 watunzaji wake wenyewe walitangaza kwamba haitaongezewa mambo mapya, na ukubwa wake wakautaja. Mteja wa Ngamiani anaupakua mzigo huo kwa bando lake.

Hoja hiyo naiheshimu, ila "toa 6" ina mtego. Mwenzangu aliitoa hadi kwenye data iliyohifadhiwa. Safari ya Ijumaa 04:00, yaani saa kumi alfajiri, ikageuka 22:00 ya Alhamisi, na abiria wakahesabiwa kwenye safari ya siku nyingine. Hapo hatujawagusa ndugu walioko London: wao husogeza saa Machi na Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu nao ni saa 2 kipindi kimoja, saa 3 kingine. Kukumbuka hayo kila mwaka ni kazi ya maktaba.

Lakini maktaba nayo haitujui vizuri. Katika hifadhidata ya kanda za saa inayotegemewa na kompyuta nyingi duniani, kanda yetu, Africa/Dar_es_Salaam, siku hizi ni jina jingine tu la kanda ya Nairobi. Zamani ilikuwa na historia yake, iliyoonyesha kwamba kati ya 1948 na 1961 Tanganyika ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele, wakati Nairobi ilikwisha kufika 3. Kwa basi dakika 15 hizo si kitu. Kwa anayepanga kumbukumbu za meli za miaka ile, zina uzito. Tena mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa", mara nyingi anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kompyuta inauita Alhamisi hadi saa sita igonge.

Kwa hiyo mimi nahesabu kwa maktaba, nahifadhi kwa UTC, na sitoi 6 mpaka wakati wa kumwonyesha mtu. Maneno ya kumwonyesha nayaandika mwenyewe, baada ya kuwauliza wakata tiketi na abiria wanavyosema. Tiketi ya sasa inasomeka "Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi", na chini yake, kwa maandishi madogo, 06:00 kwa ajili ya wageni.