Havionekani si havipo

Rafiki yangu alinitumia picha ya majibu yake ya maabara usiku, na nyuma yake ujumbe wa sauti uliojaa kicheko. Kwenye mstari wa wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU) paliandikwa kwamba havionekani. "Kaka, nimemaliza hii kazi. Kesho dawa naziweka kando."

Nilimpigia pale pale. Miaka sita huyu bwana amemeza ARV bila kuruka kliniki, ameambiwa "usiache dawa" hata masikio yamechoka, lakini kumbe hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini. Alikuwa anatii amri tu. Sasa karatasi ilipomwambia adui haonekani, kwa akili yake amri ilikuwa imeisha muda, na mimi simlaumu.

Ndiyo maana nasema somo la jinsi VVU vinavyojificha litolewe siku ile ile mtu anapokabidhiwa kopo la kwanza la dawa. Na si gumu kama wataalamu wanavyodhani.

Kirusi hiki kina jeni 9 tu, na peke yake hakiwezi kuzaliana. Kinashika kipokezi kiitwacho CD4 juu ya seli ya kinga, kisha cha pili, mara nyingi CCR5, ndipo kinapenya. Kimebeba maelekezo yake ya urithi kwa RNA, wakati seli yako huyaweka yake kwenye DNA. Kikishaingia, kimeng'enya chake kimoja huyanakili yawe DNA, na kingine, integrasi, huikata DNA ya seli na kuyachomeka humo. Hapo ndipo penye kazi. Mgeni uliyemkaribisha sebuleni unaweza kumfukuza, lakini huyu keshajiandikisha kwenye daftari la ukoo. Seli ikigawanyika, naye ananakiliwa.

Seli nyingi zilizoambukizwa hufa upesi. Chache huponea na kutulia: ni seli za kumbukumbu, ambazo kazi yake ni kungoja, hata miaka. Kirusi kilicholala humo hakitengenezi kitu, kwa hiyo kinga haina cha kukitambua. Dawa nazo zinazuia shughuli: kuna inayozuia kunakili, kuna inayozuia kuchomeka, kama dolutegravir. Asiye na shughuli utamzuia nini? Na ile mashine ya maabara inahesabu virusi vinavyoelea kwenye damu, basi. Haifungui seli kuchungulia ndani.

(Kwa nini dawa huchanganywa? Kimeng'enya kile cha kunakili hukosea ovyo na hakina wa kukisahihisha, hivyo virusi hubadilika haraka. Ukivipiga kwa dawa moja, usugu hauchelewi. AZT, dawa ya kwanza ya VVU, iliyoidhinishwa 1987, ilitufundisha hilo kwa uchungu.)

Hata watafiti wakubwa walidanganyika kama rafiki yangu. Tiba ya dawa tatu ilipoingia 1996, wapo waliopiga hesabu kwamba miaka miwili mitatu ingetosha kuvimaliza virusi mwilini. Mwaka 1997 seli zenye virusi vilivyolala zikaonekana kwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa vizuri. Baadaye timu ya mtafiti wa VVU Robert Siliciano ilikadiria kwamba akiba hiyo ya seli inachukua takriban miezi 44 kupungua nusu. Kuimaliza yote kwa dawa pekee kungehitaji zaidi ya miaka 70. Lakini ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Ninachokichukia ni vichwa vya habari vya "dawa yapatikana". Timothy Ray Brown, mtu wa kwanza kupona VVU, alipona kweli, ila alipandikizwa uboho Berlin, mara ya kwanza 2007, kwa sababu ya saratani ya damu, kutoka kwa mtu ambaye seli zake hazina CCR5 ya kawaida. Upandikizaji huo wenyewe unaweza kuua. Alifariki 2020 kwa saratani ile ile, bila VVU. Wapo wengine baada yake, wachache. Wapo pia wanaojaribu kuviamsha virusi ili viuawe; kuamka vimeamka, akiba haijapungua kwa maana. Kumtangazia haya mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku bila kumweleza gharama yake ni kumtega.

Walioziita ARV dawa za "kufubaza" virusi walipatia. Hawakusema kuponya, na hawakudharau pia, kwa sababu aliyefubaza virusi hadi visionekane na akadumu hivyo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hilo nalo nilimwambia rafiki yangu, maana hata hilo hakuwa analijua vizuri.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza, "Hiyo miaka sabini, wanahesabu tangu nilipopimwa au tangu nilipoanza dawa?"

Nikamwambia tangu virusi vilipofubaa. Akasema basi karibu sita keshaipunguza, akakata simu aende kumeza, maana saa tatu ilikuwa imeshapita.