Feni Isiyo na Dari

Shemeji yangu akirudi kutoka Dubai huleta zawadi kwa kila mtu, na zawadi zenyewe hazihusiani hata kidogo na ulichomwagiza. Mama mkwe aliagiza dawa ya magoti, akaletewa saa ya ukutani inayoadhini. Mimi niliagiza mita ya kupimia umeme, maana kazi yangu ni ufundi wa feni na ile mita yangu ya mshale imeanza kusema uongo. Nikaletewa helikopta ya kuchezea.

"Shemeji, hii si feni tu?" akaniambia huku akinisukumia boksi. "Feni iliyotoroka darini."

Sikumjibu, lakini maneno yale yalinikaa. Feni nazijua. Nimefungua feni za nusu ya mtaa wa Kibokoni, nimebadilisha kapasita, nimepaka beringi grisi, nimesuka upya waya za mota ambazo wenyewe walikuwa wamezitupa. Kitu chenye mapanga kikinishinda mimi, basi nani atakiweza?

Yenyewe ilikuwa nyepesi, hata yai la kuku lingeishinda kwa uzito. Juu mapanga mawili, mkiani kipanga kidogo chenye mota yake peke yake, tumboni betri moja ya lithiamu ya volti 3.7, na rimoti yenye vijiti viwili. Kijiti cha kushoto ukikisukuma mbele unaongeza moto, yaani nguvu ya mota, ukikipeleka pembeni unageuza pua. Cha kulia ndicho cha kwenda mbele, nyuma na ubavuni. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kwa Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, Kiingereza ambacho ni wazi kilikuwa kimechoka na safari. Nikakiweka kando. Fundi hasomi kijitabu mbele ya mkewe.

Baada ya Isha nikaiweka katikati ya sebule, juu ya mkeka, nikaongeza moto. Ikanyanyuka kidogo, ikaanza kucheza chakacha. Kiuno kilizunguka, mkia ukafuata, ikagonga mguu wa kochi, ikalala ubavu huku ikitafuna leso ya mke wangu iliyokuwa imeanikwa kwenye kiti.

"Ajabu," akasema mke wangu. "Feni ya chumbani tangu Ramadhani haizunguki, na hii yazunguka hata isipotakiwa."

Usiku ule, nikiwa chali naitazama hiyo feni ya chumbani (nitaitengeneza, jamani), ndipo mambo yakanifungukia. Mota ikiyasukuma mapanga upande mmoja, mapanga nayo huusukuma mwili wa mota upande wa pili. Feni ya dari haizunguki mwili mzima kwa sababu imefungwa kwa chuma kwenye zege. Ilegeze ile skrubu uone. Helikopta haina dari wala zege. Kinachoizuia isizunguke ni kile kipanga cha mkiani, ambacho kazi yake ni kuusukuma mkia kinyume siku nzima bila shukurani. Kikichoka, ndiyo chakacha. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mkiani, na kesho yake nikampeleka mgonjwa barazani baada ya Alasiri, si kwa kuomba msaada, ila kwa kuonyesha tu.

Baraza letu lina wataalamu wa kila kitu. Yupo nahodha mstaafu aliyeendesha majahazi ya Lamu na Unguja mpaka magoti yakakataa. Yupo dereva wa tuktuk. Na yupo fundi cherehani ambaye mashine yake iko mlangoni, kwa hiyo huhudhuria bila kuacha kazi.

Nahodha akaishika helikopta kwa vidole viwili. "Omo wapi hapa, na tezi wapi?"

Nikamwonyesha pua na mkia.

"Na usukani?"

"Ni hiki kipanga cha nyuma, Ami."

"Basi una maradhi ya usukani. Mbona wanieleza habari za injini?"

"Plagi hiyo," akasema dereva wa tuktuk. "Ikivuta upande, ni plagi."

Nikamwambia haina plagi, ni ya umeme.

"Basi kabureta."

Fundi cherehani akaweka chini buibui aliyokuwa akiipinda, akavaa miwani, akaingiza ncha ya sindano nyuma ya kile kipanga. Akavuta. Ukatoka uzi mwekundu, ukazidi kutoka, mpaka tukaanza kutazamana. Uzi wa leso ya mke wangu ulikuwa umejisokota wote kwenye ekseli ya mota ya mkia, na mota ile ilivyo ndogo ilikuwa ikikabwa koo kila inapojaribu kuzunguka.

"Kila cherehani inayoletwa kwangu ikisemwa imekufa, huwa na uzi mahali kama hapa," akasema, akanyoosha mkono. "Shilingi 50."

"Si nilisema," akasema dereva wa tuktuk.

Ikawa nafuu, lakini haikupona. Sasa ilijigeuza polepole tu. Hapo ikabidi nikitazame kile kijitabu, kwa kificho, msalani. Kumbe ndani mna kifaa kinachoitwa jairo, ambacho huhisi mwili ukijigeuza na kuamuru mota ya mkia iurudishe. Ila jairo hilo hujifunza maana ya kutulia katika zile sekunde chache za mwanzo unapounganisha betri. Unawasha rimoti kwanza, unaunganisha betri, unaiweka chini mahali palipo sawa, unaiacha, huigusi mpaka taa iache kumetameta. Mimi nilikuwa nikiiunganisha nikiwa nimeipakata, na mwanangu ananing'inia shingoni. Jairo likahitimu likiamini kwamba kutulia ndiko huko.

Dawa ya tatu aliitoa Nahodha, nayo ndiyo iliyoniuma, maana hakuwa hata amevaa miwani. Ilikuwa kila nikiipandisha inarudi nyuma, nami nabonyeza vibonye vya kuisawazisha mpaka vikafika mwisho. Akainyanyua kwa ncha za vidole, akaishika pale juu mapanga yanapokutana, akaiacha ining'inie. Mkia ukashuka.

"Shehena yote umeipakia tezi," akasema. "Sogeza mbele."

Shehena ni betri. Sikuwa nimeisukuma mpaka mwisho wa kijumba chake. Nikaisukuma, ikalia ta!, helikopta ikaning'inia sawasawa, na vile vibonye nikavirudisha katikati vilikotoka.

Kuhusu upepo hakunibishia mtu. Ulikuwa msimu wa kusi, na kusi la Mombasa likishachangamka mchana halina huruma hata na mwavuli, seuze kitu chenye uzito wa yai. Nahodha akapanga safari: uwanja wa Makadara, mara tu baada ya Alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mashauri yake yalikuwa mawili. Nisiiache ikitambaa karibu na ardhi, maana pale chini inagombana na upepo wake mwenyewe unaorudi kutoka sakafuni; niipandishe upesi mpaka usawa wa kiuno. Na nisimame nyuma ya mkia daima.

"Kaa tezi, tazama omo," akaniambia. "Nahodha hasimami mbele ya chombo akakitazama usoni."

Asubuhi ile uwanja ulikuwa umetulia kweli. Wazee wawili watatu wakitembea kwa amri ya daktari, kunguru wakigombania kitu kwenye jaa, na pembezoni mama wa mahamri keshawasha jiko. Karai lilianza kutoa moshi, na juu ya kimeza chake kulikuwa na sinia kubwa la mahamri yaliyokatwa pembe tatu, yamepangwa safu kwa safu juu ya unga, yakisubiri kuumuka.

Nikaiweka chini, nikaiacha itulie. Taa ikaacha kumetameta. Nikaongeza moto, ikapita magoti, ikafika kiunoni, ikasimama hewani. Imesimama! Inatetemeka kidogo, lakini imesimama, mkia kwangu, pua ukutani. Nikasikia Nahodha nyuma yangu akisema "Mashaallah" kwa sauti ya mtu anayekubali kwa shida. Ningeishusha wakati ule, ningekuwa leo naandika habari nyingine.

Lakini watoto wa madrasa walikuwa wamefika, na mmoja wao akasema, "Ami, igeuze itutazame!"

Nikaigeuza itutazame.

Sasa sikiliza. Pua ikishakuelekea wewe, kulia kwake ni kushoto kwako. Hilo nalijua, na nililijua hata wakati ule, kichwani. Vidole vilikuwa havijaambiwa. Ikaegemea kushoto, nikasukuma kijiti kulia kuiokoa, ikazidi kwenda kushoto kwa furaha. Dawa yake ni nyepesi: ikikutazama, upande inaoangukia ndio huo huo unaousukumia kijiti, unautilia mkongojo. Dawa hii niliipata baadaye. Wakati ule dawa niliyokuwa nayo ni Nahodha, naye alikuwa akipiga kelele, "Demani! Demani!"

Demani ni upande wa chombo usiopigwa na upepo. Upepo hakukuwa. Tulishautoroka kwa makusudi.

Ikavuka vichwa vya watoto, ikawapita wazee wa daktari, mmoja akalala chini kwa wepesi ambao daktari angeufurahia. Nikapunguza moto. Na hapa naomba niaminiwe, kwa sababu mashahidi wapo: ilitua vizuri. Haijawahi kutua vile. Miguu yote miwili kwa pamoja, mwili wima, mkia umenyooka, katikati kabisa ya sinia la mahamri.

Watoto wakapiga makofi.

Mama wa mahamri akainua mwiko.

Nilipouona ule mwiko nikaongeza moto ili chombo kiondoke kabla hakijapigwa. Lakini unga wa hamri ukikandwa na tui hushika. Mguu wa kulia ukang'oka, wa kushoto ukabaki umenasa ndani ya kinyunya. Hata helikopta kubwa za kubeba watu huangamia hivi: mguu mmoja ukinasa chini mwingine ukinyanyuka, mwili huupindukia ule mguu ulionasa, na rubani akizidisha nguvu ndivyo anavyoharakisha msiba. Nikazidisha nguvu. Ikapinduka juu ya safu ya tatu, na mapanga yakaanza kukata mahamri ambayo tayari yalikuwa yamekatwa.

Unga ulipanda juu. Vipande vya kinyunya vikaruka kila upande, kimoja kikaingia karaini kikaiva pale pale, cha mviringo. Dereva wa tuktuk, aliyekuja kuhakikisha ile habari ya kabureta, ndevu zake nyeusi zikawa rika moja na za Nahodha. Mimi nilikuwa bado nimeshika rimoti, moto umejaa, mpaka mtoto mmoja akanivuta shati akaniambia, "Ami, zima."

Kukawa kimya kidogo. Kisha Nahodha akasema, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akaenda zake kutafuta chai.

Mama wa mahamri hakupiga mtu. Alihesabu, jambo ambalo ni baya zaidi. Hamri moja shilingi 10. Akahesabu yaliyokatwakatwa, akahesabu yaliyobonyezwa, kisha akaanza kuhesabu safu za mbali ambazo hazikuguswa.

"Hizo mbona nzima, mamangu?"

"Zimestuka," akasema. "Hazitaumuka hizo. Na lile la mviringo utalila wewe."

Nililila. Lilikuwa zuri, iliki yake sawasawa.

Nilikuwa na pesa za nusu ya hesabu. Nikaahidi kuleta zilizobaki, nikaifunga helikopta kwenye gazeti, nikaenda nayo nyumbani. Nikaiweka mezani karibu na dirisha, juani, nikaenda kazini kwa mteja wa Bondeni. Sikufikiria kwamba kinyunya kilichokuwa kimejazana tumboni mwake, kwenye gia na kandokando ya betri, kilikuwa na hamira, na hamira haikujulishwa kwamba mpango wa kupika umeahirishwa. Niliporudi Adhuhuri kifuniko cha pua kilikuwa kimeinuliwa, na ndani yake kinachungulia kinyunya cheupe, kimeumuka vizuri mno. Mke wangu na mwanangu walikuwa wamekaa wanakitazama kwa heshima.

"Mbona usiitie mafuta tu uimalize," akasema mke wangu.

Nilichokoa gia kwa kijiti cha meno mpaka Magharibi. Gia kubwa ilikuwa imepoteza meno, na waya za mota ya mkia, nyembamba kupita nywele, zilikuwa zimekatika pale bomba la mkia lilipovunjika. Mota ya juu ilikuwa bado nzima, na betri niliipima kwa mita yangu ya mshale, ikasema ina volti 4.2, kiwango cha betri kama hiyo ikiwa imejaa pomoni. Betri iliyotoka kuruka! Lakini mita ile nishasema habari zake.

Nilipopeleka pesa kwa mama wa mahamri zikawa bado pungufu, na helikopta ikachungulia mfukoni mwa shati. Akainyakua ikawa rehani. Akaifunga uzi, akaitundika juu ya sinia, ipepee hapo.

Kunguru wa Mombasa hawaogopi mtu, wala jiwe, wala manati. Huiba hamri mkononi mwa mnunuzi. Lakini tangu kile kidude kitundikwe hapo, hutua ukutani kwa mbali, hukitazama, hugombana wao kwa wao, kisha huondoka. Deni nimeshalimaliza, na helikopta hataki kunirudishia. Juzi alinitumia mtoto kuniambia niende na rimoti, mapanga yazunguke kidogo, maana nzi nao wameanza. Nilibadilisha ile gia nikaenda. Sasa kila asubuhi napeleka betri iliyochajiwa, na nilipogusia habari ya malipo ya kuchaji, alinichagulia hamri moja kutoka sinia, akalitazama, akalirudisha, akanichagulia dogo zaidi.