Kifua chepesi, njia za hewa je?

Mgonjwa wa pumu amelala kifudifudi, sindano za akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, nyembamba kama unywele, zimesimama kandokando ya uti wa mgongo wake. Baada ya nusu saa anainuka, anavuta pumzi na kusema kifua kimekuwa chepesi. Namwamini. Pumu hukaza mwili mzima: mabega hupanda, moyo hudunda, na hofu yenyewe huzidisha kuhema. Kutulizwa na mtu asiye na haraka nawe si jambo dogo.

Lakini njia za hewa nazo zimefunguka? Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowapitisha wagonjwa walewale katika hali nne: pampu ya salbutamol (dawa inayofungua njia za hewa upesi), pampu isiyo na dawa, sindano za uongo zisizopenya ngozi, na kukaa bila tiba. Salbutamol iliongeza nguvu ya pumzi wanayotoa kwa asilimia 20. Hali nyingine zote, asilimia 7 hivi. Walipoulizwa wanajisikiaje, walitaja nafuu karibu ileile kwa pampu tupu, kwa sindano za uongo na kwa dawa ya kweli. Hapo ndipo ninapoogopa: mtu anaweza kujisikia vizuri huku mapafu yake bado yamebanwa.

Mtetezi wa akupancha atasema sindano zile hazikuwa za kweli, na ana haki. Ila majaribio yaliyolinganisha za kweli na za uongo ni madogo, na hayajaonyesha kwa uthabiti kwamba mapafu hufanya kazi vizuri zaidi.

Mitishamba ni habari nyingine, maana ndani yake mna kemikali yenye nguvu. Mahuang, yaani mmea wa efedra, imetumika China tangu kale kwa kikohozi na kubanwa kifua. Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi alitenga humo efedrini, ambayo baadaye iliingia hospitalini kama dawa ya pumu. Hupanua njia za hewa, lakini pia hupandisha shinikizo la damu na kusumbua moyo. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra mwaka 2004. Anayesema "ni majani tu" anaidharau dawa yake mwenyewe.

Lipo pia jaribio la China la 2005, la watu wazima 91, lililolinganisha mchanganyiko wa uyoga wa lingzhi, mizizi ya kushen na susu, na vidonge vya prednisoni, steroidi ya kutuliza uvimbe. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Prednisoni ilizidi kidogo, lakini mitishamba haikushusha kotisoli, homoni ya mwili wenyewe, kama ilivyofanya prednisoni. Linanipa matumaini, ingawa wiki nne za jaribio ni chache mno kwa ugonjwa wa miaka.

Anayetaka kujaribu amweleze daktari wake, ajipime nguvu ya pumzi kwa kifaa cha kupuliza asubuhi na jioni, tangu kabla ya kuanza, na aendelee na steroidi yake ya kuvuta, inayotuliza uvimbe wa njia za hewa. Hiyo haileti nafuu ya papo hapo, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa kifua kikiwa chepesi. Uvimbe hurudi kimyakimya, kabla mluzi wa kwanza haujasikika.