Riwaya moja hailipi kodi ya nyumba
Kuna habari mnayosambaza humu kwamba mwandishi mmoja aliacha ualimu mara tu riwaya yake ya kwanza ya mapenzi ilipotoka; mimi nakataa. Riwaya moja hailipi kodi ya nyumba, hasa hapa Dodoma tangu serikali ianze kuhamia 2016. Nimefundisha sekondari Kongwa miaka tisa huku nikiandika usiku. Kitabu nilichochapisha kwa fedha zangu, nakala 500, maboksi mawili bado yako chumbani, mke wangu anapigia pasi nguo juu yake. Kilicholipa ni simulizi za WhatsApp: sehemu tano za mwanzo bure, unakatisha pale binti anapofungua mlango na kumkuta shemeji yake, halafu anayetaka kuendelea anatuma buku mbili (shilingi elfu mbili) kwa M-Pesa. Kero ni wale wanaonunua mara moja na kusambaza. Jioni hiyo hiyo hadithi iko Manyoni, jina langu limefutwa. Chaki niliiweka chini baada ya mauzo kufikia mshahara miezi sita mfululizo, si kabla. Kuna yeyote humu anayeishi kwa vitabu vya karatasi peke yake? Anauzia wapi?